Nikitazama nyota nahisi Mungu yupo. Ni yeye, au ni hisia zangu tu?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Mimi ni Mkristo tangu utotoni na ibadani siachi kwenda. Lakini niseme kweli, mara nyingi nikiwa ibadani moyo wangu hauguswi. Nikikaa nje usiku nikatazama nyota, au nikisimama mbele ya bahari, nahisi Mungu yu karibu mpaka machozi yananilengalenga. Nilimweleza mzee mmoja wa kanisa, akanionya kwamba huo ni mlango wa kuabudu viumbe. Rafiki yangu asiyeamini naye akasema hata yeye huhisi hivyohivyo, na kwamba ni ubongo tu. Kinachonichanganya zaidi ni kwamba miezi ya karibuni natazama nyota zilezile na sihisi chochote. Je, nilikuwa najidanganya? Au Mungu ameniacha?

JIBU: Amina, ndugu yangu. Nianze na swali lako la mwisho, maana naona ndilo linalokuuma. Ya mzee na ya rafiki yako tutayafikia. Mungu hajakuacha, na huo ukavu wa miezi ya karibuni si ushahidi kwamba amekuacha.

Soma tena Mwanzo 28. Yakobo amemlaghai baba yake, anamkimbia kaka yake, jua limemchwea njiani, ametwaa jiwe akaliweka chini ya kichwa. Mwandishi wala hasumbuki kupasifia mahali penyewe. Hakuna bahari wala machweo ya kupendeza. Ni pale tu usiku ulipomkutia. Wala hatuambiwi kwamba Yakobo alihisi lolote kabla ya kulala. Ni baada ya ndoto ndipo anaposhtuka na kusema, “Kweli Bwana yupo mahali hapa, wala mimi sikujua.” Mungu alikuwapo kwanza, kujua kukaja baadaye. Yakobo angeamka usiku wa manane bila ndoto, akafunga mzigo wake na kwenda zake, Mungu angekuwapo palepale vilevile.

Usidhani nakubembeleza. Hili ni fundisho la kanisa la tangu zamani. Thomas Aquinas, mwanateolojia wa karne ya 13, alilipanga hivi: Mungu yumo katika vitu vyote kwa uweza wake, kwa kuwa vyote vi chini ya mamlaka yake, yumo kwa kuwapo kwake, kwa kuwa vyote vi wazi machoni pake, tena yumo kwa uungu wake wenyewe, kwa kuwa ndiye anayevifanya viwepo, dakika hii, na si siku ile ya kwanza tu. Waebrania 1:3 inasema Mwana anavichukua vyote kwa amri ya uweza wake, na Wakolosai 1:17 kwamba vitu vyote hushikana katika yeye. Katika hayo hakuna hata moja linalotegemea machozi yako. Nyota uliyoitazama mwezi uliopita ukiwa mkavu ilikuwa imeshikwa na mkono uleule ulioishika siku ile ulipolia.

Basi ile hisia ilikuwa nini? Hapa rafiki yako ana hoja, na usimwogope. Mwaka 2003 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Dacher Keltner na Jonathan Haidt, walijaribu kueleza ule mshangao unaomfanya mtu anyamaze kimya. Walisema una mambo mawili ndani yake: umekutana na kitu kikubwa kukupita, na akili yako inalazimika kujipanua ili ikipokee. Kitu hicho chaweza kuwa anga. Chaweza pia kuwa muziki, mtu mwenye mamlaka makubwa, au hata wazo la kisayansi. Mwenye dini hupatwa na mshangao huo, na asiye na dini pia. Kwa hiyo mtu akiniambia, “Nimesisimka, basi yule alikuwa Mungu,” simkubalii upesi. Watu husisimka hivyohivyo mbele ya mwanasiasa mwongo mwenye ulimi mzuri.

Ila naye akisema “ni ubongo tu”, bado hajasema kitu. Kila tunachokijua tunakijua kwa ubongo, pamoja na hesabu, pamoja na hiyo sayansi anayoitegemea. Ukieleza njia ambayo jambo limepita hadi likakufikia, hujaeleza lilikotoka.

Kuna kisa nakipenda kwa sababu kinazinyima ushindi pande zote mbili. Tarehe 24 Desemba 1968 wanaanga watatu wa Apollo 8, Frank Borman, Jim Lovell na William Anders, walikuwa wakiuzunguka Mwezi, wanadamu wa kwanza kufika huko. Katika matangazo ya televisheni walisoma kwa zamu aya kumi za kwanza za Biblia. Aliyeanza, “Hapo mwanzo Mungu aliziumba mbingu na nchi,” alikuwa Anders, huyohuyo aliyepiga ile picha maarufu ya Dunia ikichomoza juu ya upeo wa Mwezi. Baada ya miaka mingi Anders alieleza kwamba kuiona Dunia ikiwa ndogo kiasi kile kulidhoofisha imani yake ya dini. Na wapo wasiohesabika ambao picha hiyohiyo iliwapigisha magoti. Dunia ni ileile moja, ila waliotoka nayo hawakutoka na neno moja.

Zaburi ya 19 inalijua jambo hili kuliko tunavyodhani. Sote tunaikariri aya ya kwanza, “Mbingu zauhubiri utukufu wa Mungu, na anga laitangaza kazi ya mikono yake.” Wachache hufika aya ya tatu: “Hakuna lugha wala maneno, sauti yao haisikilikani.” Mahubiri yameenea duniani mwote, na hayana neno hata moja! Mtunga zaburi haoni kwamba hapo pana mgongano. Anachofanya ni kuendelea. Kutoka kwenye jua anahamia kwenye sheria ya Bwana, ambayo ina maneno, na kutoka kwenye sheria anafika kwenye kuomba asafishwe makosa yake ya siri. Aliyeanza akiwa ameinua uso juu anamaliza akiwa amejichunguza moyo. Mwenye kuishia aya ya sita amekata safari katikati, na hofu yangu ni kwamba wengi wetu tunaosifia mandhari mitandaoni tunaishia hapo.

Angalia pia jinsi Paulo anavyojizuia. Katika Warumi 1:20 anasema kwamba tangu kuumbwa ulimwengu mambo ya Mungu yasiyoonekana yanafahamika kwa kazi zake, kisha anataja ni yapi: uweza wake wa milele na Uungu wake. Kule Listra, watu walipotaka kumtolea dhabihu yeye na Barnaba kana kwamba ni miungu, aliongeza wema: Mungu hakujiacha pasipo ushuhuda, anawapa mvua kutoka mbinguni na nyakati za mavuno, anawajaza mioyo chakula na furaha. Uweza, Uungu, ukarimu. Hayo ni mengi. Lakini huwezi kutazama bahari ukajua kwamba dhambi zako zimesamehewa. Bahari haijui habari za Kalvari. Hilo unaambiwa kwa Neno, tena na mtu, na kwa kawaida mtu mwenyewe ni dhaifu na mahubiri yake ni marefu mno.

John Calvin, mwanamageuzi wa kanisa wa karne ya 16, alitoa mfano ambao sijapata mzuri kuushinda. Mpe mzee mwenye macho mabovu kitabu kizuri: anaona kwamba kuna maandishi, ila maneno mawili yanamshinda kuyaunganisha. Mvishe miwani, atasoma vizuri. Maandiko ndiyo miwani, akasema Calvin, na kitabu ni pamoja na ulimwengu mzima. Hakuna anayevaa miwani ili aitazame miwani. Wakristo wanaodhani kwamba kuipenda Biblia ni kutojali mvua na ndege wameishika miwani mkononi wakisifia fremu.

Sasa yule mzee wako. Onyo lake halikutoka hewani. Kumbukumbu la Torati 4:19 inawakataza Israeli wasiinue macho kulitazama jua, mwezi na nyota wakavutwa kuviabudu. Ayubu, akijitetea katika sura ya 31, anaapa kwamba hajawahi kulitazama jua liking'aa moyo wake ukashawishika kwa siri na kinywa chake kikaubusu mkono wake. Kwa hiyo hata mcha Mungu mkubwa alijua kwamba kishawishi hicho kipo. Augustino, askofu wa Hippo, alisimulia kwamba aliiuliza ardhi, bahari, vilindi na upepo habari za Mungu aliyempenda, navyo vikamjibu kwamba wao siye. Kisha vikapaza sauti: yeye ndiye aliyetuumba. Naupenda utaratibu wa majibu hayo. Kwanza viumbe vinakana, halafu ndipo vinashuhudia.

Tena kuna hatari nyingine ambayo huenda mzee hakuitaja, nayo kwangu ni kubwa zaidi. Mtu anaweza kusikia katika maumbile kile alichokuja nacho tayari. Ujerumani, Hitler aliposhika madaraka mwaka 1933, walikuwapo wachungaji na maprofesa wa teolojia waliofundisha kwamba Mungu anajifunua katika damu, ardhi na taifa la Kijerumani. Walilisema kwa lugha tamu ya uumbaji. Mwezi Mei 1934 wajumbe wa makanisa waliokutana katika mji wa Barmen, hukohuko Ujerumani, walitangaza kwamba Yesu Kristo ndiye Neno moja la Mungu tunalopaswa kulisikia na kulitii, na kwamba kanisa halina chemchemi nyingine ya mahubiri yake. Mwandishi mkuu wa tamko hilo alikuwa Karl Barth, mwanateolojia wa Uswisi, na mwaka uohuo Barth alimjibu mwenzake Emil Brunner, aliyekuwa akitafuta nafasi ndogo tu ya kumjua Mungu kwa njia ya maumbile, kwa andishi lenye kichwa cha neno moja: Hapana! Mimi naona Barth alipitiliza, maana Zaburi ya 19 imo katika Biblia ileile aliyoitetea. Ila nikikumbuka alikuwa akipigana na nani, simlaumu.

Kwa hiyo mwambie mzee ahsante kwa onyo. Lakini kama alimaanisha uache kutazama, hapo hapana. Yesu alisema, “Waangalieni ndege wa angani,” akasema tena tuyafikirie maua ya mashamba. Zile ni amri, ndugu yangu, zimo katika hotuba ileile inayotukataza kuweka hazina duniani. Ukitaka kujua kama umevuka mpaka, jiulize kitu hicho kinakufanya nini. Je, unakidai kikupe kitu, bahati, ulinzi, ruhusa ya jambo ambalo dhamiri yako inalikataa? Au kinakusukuma kumshukuru mwingine? Usiku ule wa machozi, ulipoingia ndani, ulikuwa mpole zaidi kwa watu wa nyumbani kwako au mkali zaidi kwa kuwa walikukatiza?

Nikuombe jambo ambalo wapenda mandhari wengi hawalipendi: usichague tu kurasa nzuri. Nyota na bahari hazikusumbui kwa sababu ziko mbali au ni kubwa mno. Sogea karibu.

Kuna nyigu wajengao kwa udongo, wenye kiuno chembamba mno; pengine umeshaona vijumba vyao vimebandikwa ukutani. Mtazame jike kazini. Anatua penye tope, anafinyanga kidonge kwa taya na miguu ya mbele, anaruka nacho, anakipaka kwenye ukingo wa kijumba huku akivuma kwa mlio mwembamba, anarudi kuchota kingine. Chumba kikiwa tayari anakwenda kuwinda buibui. Hawaui. Anawachoma, sumu inawapoozesha, anawaleta mmoja mmoja na kuwashindilia chumbani mpaka kinajaa. Anataga yai moja, anaziba mlango kwa udongo, anaondoka, na mtoto wake hatamwona kamwe. Funza anapoanguliwa gizani mle anakuta chakula ambacho hakijaoza, kwa kuwa hakijafa.

Ukitaka kumsifu Mungu kwa ufundi wa mama yule, msifu. Ila usiiruke habari ya buibui. Charles Darwin, mwanasayansi Mwingereza wa nadharia ya mageuko ya viumbe, hakuiruka. Mei 1860 alimwandikia Asa Gray, mtaalamu wa mimea wa Marekani aliyekuwa Mkristo, kwamba hawezi kujishawishi kuwa Mungu mwema mwenye nguvu zote angekusudia kuumba nyigu wa jamii nyingine, ambao watoto wao huwala viwavi wakiwa hai kutoka ndani. Gray alikuwa ameikubali nadharia ya Darwin, akabaki Mkristo. Wote wawili walikuwa wakiyajua mambo hayo kwa undani.

Na Biblia hairuki pia. Zaburi ya 104, wimbo mtamu kuliko zote za uumbaji, inasema wana-simba hunguruma wakitafuta chakula chao kwa Mungu. Fikiria hilo kutoka upande wa swala! Katika Ayubu 39 tai anawalisha makinda wake damu. Paulo katika Warumi 8 anasema viumbe vyote pia vinaugua na kuwa na utungu pamoja hata sasa. Wakristo wamegawanyika kuhusu chanzo: wapo wanaosema kifo cha wanyama kiliingia kwa dhambi ya mwanadamu, wapo wanaosema kilikuwapo kabla yake, na mjadala huo hautaishia katika jibu hili. Ninachokukataza ni kujenga imani yako juu ya machweo peke yake, kwa sababu siku utakapomtazama nyigu itaanguka.

Ayubu ndiye mwalimu wa jambo hili. Amezika watoto kumi, amekaa kwenye majivu anajikuna kwa kigae, anadai maelezo. Mungu anapomjibu katika sura ya 38 hadi 41 hampi maelezo hata sentensi moja. Anampitisha ulimwenguni. Mvua inayonyesha jangwani ambako hakuna mtu, kwa faida ya nani? Punda-mwitu anayeicheka kelele ya mjini. Mbuni, ambaye Mungu mwenyewe anakiri kuwa alimnyima akili, lakini akianza kukimbia anamdharau farasi na mpanda farasi. Ni vigumu kusoma sehemu ile ya mbuni bila kutabasamu, na nadhani ndivyo ilivyokusudiwa. Karibu viumbe vyote vinavyotajwa havimfai mwanadamu kwa lolote: havifugwi, havilimi, havibebi mizigo. Mungu anavipenda hata hivyo. Mwisho Ayubu anasema, “Nilikuwa nimesikia habari zako kwa kusikia kwa masikio, bali sasa jicho langu linakuona.” Alichoonyeshwa ni wanyama na hali ya hewa. Anasema amemwona Mungu. Na bado yupo kwenye majivu. Watoto wengine na mifugo ni habari za baadaye.

Halafu kuna msalaba, na hapa ndipo imani yetu inapoachana na kila dini ya mandhari. Luka anasema jua liliacha kuangaza. Mathayo na Marko wanasema Yesu alilia kwamba Mungu wake amemwacha. Mtu aliyesimama pale akitafuta dalili za uwepo wa Mungu katika anga angekosa, na angeondoka akisema hayupo. Sisi tunakiri kwamba hakuna mahali Mungu alipokuwapo zaidi ya pale. Ukishaliamini hilo, kipimo cha “nahisi au sihisi” hakiwezi tena kuwa hakimu.

Turudi kwenye ukavu wako. Eliya, katika 1 Wafalme 19, yupo chini ya mretemu anaomba afe. Kabla ya upepo, kabla ya tetemeko, kabla ya moto, kabla ya ile sauti ndogo ya utulivu tunayoipenda sote, kuna mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Anakula, analala, anaamshwa ale tena. Malaika hakumhubiria. Kwa hiyo nakuuliza bila aibu: unalala? Unakula? Kama kwa wiki mbili au zaidi kila kitu ulichokipenda kimepoteza ladha, si nyota tu, na usingizi na hamu ya chakula vimeharibika, nenda ukamwone daktari. Sonona ni ugonjwa, nao huzima furaha ya kila aina, ya kiroho pamoja. Kutafuta dhambi iliyofichika kwa mtu anayehitaji matibabu ni ukatili ambao sisi wachungaji tumeufanya mara nyingi mno.

Kama afya ni njema, basi inawezekana umeanza kuikimbiza ile hisia. Unatoka nje ukijitazama: je, imekuja? Mbona haiji? Nyota zinakuwa kisingizio, unachokitazama ni moyo wako mwenyewe. Na Mungu hana kanuni. Zaburi ya 29 inamsikia katika radi inayovunja mierezi. Eliya anaambiwa hakuwamo katika upepo. Francis wa Assisi alitunga sifa zake za kumshukuru Mungu kwa jua, mwezi na maji karibu na mwaka 1225, akiwa mgonjwa hoi, macho yakimuuma hata mwanga wa hilo jua hakuustahimili. Alisifu kwa ajili ya kitu ambacho wakati ule kilimtesa.

Kwa hiyo fanya hivi. Usiku wenye anga safi, katika miezi inapoonekana, kitafute Kilimia. Ukikikazia macho moja kwa moja kinafifia. Tazama kando yake kidogo, nyota zinajitokeza, kwa sababu katikati kabisa ya jicho hakuna zile chembe zinazoona mwanga hafifu. Zihesabu. Watu wengi huona sita. Kundi lenyewe lina zaidi ya nyota elfu moja, na nuru inayokufikia usiku huo iliondoka huko zaidi ya miaka 400 iliyopita. Kisha soma Ayubu 38:31: “Je! Waweza kuufunga mnyororo wa Kilimia, au kuvilegeza vifungo vya Orioni?” Wapo wanaosema aya hii ilitabiri elimu ya kisasa ya nyota. Sizishabikii hoja hizo. Swali linamuuliza Ayubu kama anaweza, na jibu ni hapana. Sema ahsante kwa sauti, hata kama sauti inatoka kavu. Usisubiri machozi. Ingia ndani ukalale.

Siku nyingine mtazame nyigu. Siku nyingine mchwa, au jani lililoliwa nusu. Mpe kila kimoja muda wa kutosha kukijua kilivyo, si kukitafutia fundisho. Unachokifanya hapo kinahusu zaidi adabu kwa Muumba kuliko kutafuta uzoefu.

Na ibada usiiache. Yesu aliondoka alfajiri na mapema akaenda mahali pasipo na watu akaomba. Alikesha mlimani usiku kucha. Luka huyohuyo anayetuambia ya mlimani anasema pia kwamba siku ya sabato aliingia katika sinagogi “kama ilivyokuwa desturi yake”. Ilikuwa desturi. Sidhani kila sabato kule Nazareti palikuwa na mahubiri ya kusisimua. Siku moja aliyosoma yeye mwenyewe walitaka kumtupa bondeni. Alikwenda.

Isitoshe, humo ibadani hujaachana na uumbaji. Ubatizo ni maji. Meza ya Bwana ina mkate, yaani ngano iliyonyeshewa mvua ikasagwa, na divai, yaani zabibu zilizoiva juani. Kristo alipotaka kutuachia alama ya uwepo wake hakuchagua nyota, alichagua vitu vinavyoshikika na kuliwa, akavitia maneno: “Huu ndio mwili wangu.” Kile ambacho bahari haiwezi kukuambia unaambiwa hapo kwa jina lako, uwe umeguswa siku hiyo au hukuguswa. Ukienda kushiriki safari ijayo, uangalie mkate kwa makini uleule unaoziangalia nyota, na ukiwa na nafasi baada ya ibada mwombe yule mzee mkae msome Zaburi ya 104 pamoja, mpaka aya ya mwisho. Kama bado kuna jambo linakusumbua, hasa hilo la usingizi, niandikie tena.